MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Je, Yafaa Mwuaji Anyongwe?

Mwezi huu tumepata barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa upande wa Mpapura, naye atuomba tuandike juu ya neno zito. Asema kwamba jioni moja, watu walipokuwa wakipumzika chini ya mikorosho baada ya kazi ya kuokota, ulizuka ubishi juu ya hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu mjini Mtwara. Wazee wawili wa kanisa, watu wapatanao siku zote, walibishana hata wakaondoka pasipo kuagana. Mmoja alisema, "Aliyeua na auawe, haki ndiyo hiyo." Wa pili akajibu, "Uhai huondolewa na yeye aliyeutoa, wala si na mwanadamu." Watoto wa shule walikuwa wamekaa kando wakisikiliza. Kesho yake mmoja wao akamwuliza mwalimu darasani, "Mwalimu, yupi alisema kweli?" Mwalimu atuandikia ya kuwa hakuwa na jibu, naye aliona haya.

Twamwambia mwalimu wetu asione haya. Swali hili limewasumbua majaji wenye elimu nyingi na watawala wenye vyeo vikubwa, na katika nchi yetu halijaisha mpaka leo. Basi tulichukue polepole, kama watu wasafishao mchele: tuyatazame maneno ya upande huu, kisha ya upande ule, na mwisho tuseme yale tuyaonayo sisi. Na msomaji asiyekubali maneno yetu tutamhesabu kuwa ndugu vilevile.

Kwanza, habari yenyewe. Januari 2022 kijana mmoja mfanyabiashara aliuawa hapa Mtwara. Walioshitakiwa hawakuwa wanyang'anyi wa porini. Walikuwa polisi saba, watu waliopewa silaha na mshahara ili walinde maisha ya raia. Kesi ilisikizwa kwa muda mrefu, na Juni 2025 Mahakama Kuu iliwaona wawili miongoni mwao kuwa na hatia ya kuua kwa kukusudia, ikawahukumu kunyongwa hata kufa. Watano waliobaki wakaachiwa huru.

Katika kutoa adhabu ile jaji hakuwa na njia mbili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara yasema kwamba mtu akithibitika kuua kwa kukusudia, adhabu yake ni kifo. Haisemi kwamba jaji aweza kupima kama yafaa kifo au kifungo. Mwanamke mwenye mimba hahukumiwi kifo, wala mtoto aliye chini ya miaka 18. Na mtu aliyeua kwa hasira ya ghafula baada ya kuchokozwa vibaya huweza kuonekana kuwa na kosa dogo kuliko hilo. Lakini likiisha kutajwa neno "kukusudia", kinywa cha jaji kina neno moja tu la kutamka.

Sasa tumsikilize mzee wa kwanza, maana hakusema upuzi. Neno lake la kwanza ni damu ya aliyeuawa. Mtu aliyeuawa hawezi kusimama mahakamani kujitetea. Ameondolewa pamoja na siku zake zote zilizobaki, na watoto ambao angewazaa, na mashamba ambayo angeyalima. Mama yake hulala na kuamka na mahali patupu nyumbani mwake. Mama huyo akinunua sabuni na chumvi, hulipa kodi ndani ya bei yake. Na sehemu ya kodi hiyo yamlisha aliyemwua mwanawe. Je, ni nani atakayemlaumu akisema kwamba mizani haikulingana? Tena mzee huyu ana Maandiko mkononi. Nuhu alipotoka katika safina aliambiwa kwamba damu ya mwanadamu itadaiwa, kwa sababu mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Naye Paulo, akiwaandikia Warumi, alisema kwamba mtawala hauchukui upanga kwa bure. Basi, asema mzee, adhabu kubwa huonyesha thamani kubwa: mtu akitozwa faini ndogo kwa kuvunja chungu, na faini ile ile kwa kuvunja nyumba, watoto watajifunza kwamba nyumba na chungu ni sawasawa.

Neno lake la pili ni hofu. Sisi wa kusini twajua hofu. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Wako miongoni mwa wasomaji wetu wasiosahau usiku ule. Na huko kanda ya ziwa, tangu miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ulemavu wa ngozi waliwindwa kama wanyama, viungo vyao vikakatwa na kuuzwa kwa waganga, kwa tamaa ya utajiri tu. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto wa namna hiyo. Mzee wetu auliza: watu waliopanga bei ya mguu wa mtoto, wakauleta upanga usiku, wastahili nini pungufu ya kamba?

Neno lake la tatu ni onyo. Asema: serikali ikiacha kulipa damu, watu watailipa wenyewe. Mwizi wa kuku huchomwa moto njiani kwa sababu watu hawaamini ya kuwa ataadhibiwa. Je, itakuwaje kwa mwuaji? Ni afadhali kamba moja iliyo mikononi mwa sheria, kuliko mawe mia yaliyo mikononi mwa watu wenye hasira.

Hayo ndiyo maneno ya upande mmoja, nasi hatukuyapunguza. Sasa tumgeukie mzee wa pili.

Neno lake la kwanza ni hili: mahakama ni watu, na watu hukosa. Asikilize mwenye kudhani kwamba hilo haliwezekani. Katika nchi jirani ya Uganda, mtu aitwaye Edmary Mpagi alihukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kosa la kumwua jirani. Ndugu yake alihukumiwa pamoja naye, akafia gerezani. Mpagi alikaa katika chumba cha wanaongoja kunyongwa mwaka baada ya mwaka, akisikia wengine wakitolewa kwenda kwenye kitanzi. Na huyo aliyesemwa kwamba ameuawa alikuwa hai! Alionekana kwa macho, akitembea kwa miguu yake. Mashahidi walikuwa wamesema uongo. Hata hivyo Mpagi hakufunguliwa mpaka mwaka 2000. Kama kamba ingalivutwa mwaka ule wa 1982, ni nani angemrudishia shingo yake? Marekani nako, tangu mwaka 1973, watu zaidi ya 190 waliohukumiwa kifo wameondolewa hatia baadaye. Na nchi ile ina mawakili wengi na wataalamu wa kupima damu, kuliko sisi.

Tena itazameni ile kesi ya Mtwara kwa upande wake wa pili. Twasema, na kwa haki, kwamba askari amwuaye raia amefanya uovu mara mbili. Lakini ni nani akusanyaye ushahidi katika kila kesi ya mauaji? Ni nani amkamataye mshitakiwa, aandikaye maelezo yake, ashikaye kisu kilichookotwa na kukileta mbele ya jaji? Ni askari. Wengi wao ni watu waaminifu, na bila wao tusingelala usiku. Lakini ikiwa mahakama yenyewe imeonyesha kwamba mkono wa askari waweza kuua na kuficha, basi mkono huo waweza pia kuandika maelezo yasiyosemwa. Kesi ile ile ambayo yawafanya watu waitake kamba, ndiyo itupayo sababu ya kuiogopa. Wenyeji wa Mpapura wajua kwamba mkorosho mzee ukikatwa shina huchipuka tena, na baada ya miaka michache huzaa. Shingo ya mtu haichipuki.

Neno lake la pili ni la historia. Kamba hii ilitufikaje? Nenda Kilwa Kivinje, utaonyeshwa mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Hapo, mwaka 1895, Wadachi walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya na wenzake waliopinga utawala wao. Nenda Songea, utaona kaburi la wazee na majemadari wa Wangoni walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, katika vita vya Maji Maji. Padre wa misioni alikuwako gerezani siku zile, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kufa. Kwa sheria ya siku ile watu hao walikuwa wahalifu, na waliowanyonga walikuwa wakitimiza sheria. Leo kila Februari watu wa serikali na wa dini hukusanyika Songea kuwakumbuka kuwa mashujaa. Haki haikubadilika kati ya mwaka 1906 na leo. Aliyebadilika ni mwenye kushika kamba. Na wale walioileta wameitupa: Ujerumani ya Magharibi iliondoa adhabu ya kifo katika katiba yake ya mwaka 1949, na Uingereza iliacha kuwanyonga wauaji mwaka 1965. Sisi tungali tumeishika ile waliyotuachia.

Neno lake la tatu lajibu habari ya hofu. Je, ni kweli kwamba kitanzi huwaogopesha wauaji kuliko kifungo cha maisha? Watu wengi husema hivyo kana kwamba ni jambo lililokwisha kupimwa. Huko Marekani wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi, wakaandika mengi, wengine wakisema ndiyo, wengine siyo. Mwaka 2012 baraza kubwa la wataalamu wa nchi ile lilipitia uchunguzi wa zaidi ya miaka 30, likasema kwamba hauwezi kutumiwa kuthibitisha kama adhabu ya kifo hupunguza mauaji, au huyaongeza, au haiyagusi. Na sisi tuna kielelezo karibu zaidi. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na Wamakonde wa kando hii na wa kando ile ni ndugu wa ukoo mmoja. Katiba ya Msumbiji ya mwaka 1990 iliiondoa adhabu ya kifo kabisa. Wale waliokuja Kitaya ni wa vita vilivyoanza Cabo Delgado mwaka 2017. Msumbiji imepata mateso makubwa kutoka kwao kuliko sisi, wala haikukirudisha kitanzi. Mtu ajaye kuchinja huku yu tayari kufa vitani haogopi jaji. Na yule anunuaye kiungo cha mtoto hutumaini kwamba hatajulikana. Kitakachomwogopesha ni kujua hakika ya kwamba atakamatwa.

Neno lake la nne ni toba. Kaini alimwua ndugu yake, naye Mungu alimwekea alama ili mtu asimwue. Musa alimwua Mmisri akamzika mchangani. Daudi aliagiza Uria awekwe mahali pa vita vikali. Sauli wa Tarso alisimama akilinda mavazi ya wale waliompiga Stefano kwa mawe. Kama kila mmoja wao angalinyongwa asubuhi iliyofuata, tungekosa torati, na zaburi, na nyaraka. Tena Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa kifo na mahakama halali ya nchi, mbele ya mtawala aliyekiri kwamba hakuona kosa. Na makutano ndiyo waliopiga kelele. Kanisa Katoliki, ambalo zamani lilikubali kwamba serikali yaweza kuua mhalifu, lilibadili katekisimu yake mwaka 2018, likasema kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Makanisa mengine hayajawa na neno moja. Nao jirani zetu Waislamu wana fundisho la kwamba warithi wa aliyeuawa waweza kusamehe, au kupokea dia mahali pa kisasi. Yaani hata pale kisasi kinaporuhusiwa, mlango wa rehema umeachwa wazi.

Basi tumesikia pande mbili. Mtoto wa Mpapura angali akingoja. Lakini kabla hatujamjibu, imempasa kujua jinsi mambo yalivyo katika nchi yetu, maana ni ya ajabu kidogo.

Katika Tanzania hapana mtu aliyenyongwa kwa hukumu tangu mwaka 1994. Mahakama zimeendelea kuhukumu, na magereza yameendelea kupokea, lakini kamba haikuvutwa. Mtu hawezi kunyongwa pasipo Rais kutia sahihi, naye amepewa na Katiba uwezo wa kusamehe na kupunguza adhabu. Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, Rais John Magufuli alisema waziwazi kwamba asiletewe orodha ya watu wa kunyongwa. Desemba mwaka ule ule akawasamehe watu 61 waliokuwa wamehukumiwa kifo. Tufikiri neno hilo. Huyu alikuwa mtawala mkali, asiyeogopa kuwafukuza wakubwa kazini mbele ya watu. Lakini kalamu ile ilimwia nzito mkononi.

Na mwaka ule ule wa 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema katika kesi ya watu wawili kwamba adhabu ya kifo yavunja Katiba, kwa kuwa ni ya kikatili na yamdhalilisha mwanadamu. Serikali ikakata rufani. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikatoa jibu ambalo lingestahili kusomwa katika kila nyumba. Majaji walikubali kwamba kunyonga ni ukatili na udhalilishaji. Lakini wakasema Katiba yaruhusu sheria ya namna hiyo kwa manufaa ya umma, na kwamba kupima kama adhabu hiyo yahitajika ni jambo la jamii yenyewe.

La jamii yenyewe! Yaani mahakama kuu kuliko zote nchini ililichukua swali hili ikalirudisha kwetu. Kwa hiyo ubishi wa wazee wawili chini ya mkorosho haukuwa wa bure, wala mtoto yule hakuuliza neno lisilomhusu. Swali lilikuwa limepelekwa kwao tangu mwaka 1995, nao hawakuwa wameambiwa.

Majirani zetu hawakukaa kimya. Mahakama ya Juu ya Uganda, Januari 2009, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, ilisema kwamba sheria isimfunge jaji kutoa kifo bila kupima, na tena kwamba mtu aliyengoja kitanzi zaidi ya miaka mitatu baada ya rufani yake ya mwisho abadilishiwe adhabu kuwa kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alisoma sheria akiwa gerezani, akafunguliwa mwaka 2016. Kenya ilifuata kwa neno la jaji kupima, Desemba 2017. Rwanda, baada ya damu yote ile ya mwaka 1994, iliiondoa adhabu ya kifo mwaka 2007. Burundi mwaka 2009. Zambia mwaka 2022. Wala njia haiendi upande mmoja tu, kwa maana Kongo ya Kinshasa, iliyokuwa imeacha kunyonga na kupiga risasi kwa miaka 20, ilitangaza Machi 2024 kwamba itaanza tena. Na mjini Arusha, katika nchi yetu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema Novemba 2019, katika kesi ya watu waliohukumiwa Tanzania, kwamba sheria imlazimishayo jaji kutoa kifo yavunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga kwavunja heshima ya mwanadamu.

Sasa tuseme tuyaonayo. Twaona kwamba mzee wa kwanza amesema kweli juu ya deni, na mzee wa pili amesema kweli juu ya malipo. Deni la damu lipo, ni zito, wala asithubutu mtu kumwambia mama aliyefiwa kwamba asahau. Lakini kamba hailipi deni hilo. Siku ya pili baada ya kunyongwa mwuaji, mahali patupu nyumbani mwa yule mama pangali patupu, na mahali pengine patupu pameongezeka katika nyumba ya mama mwingine, ambaye hakuua mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Kumwaga mtungi wa pili hakuujazi ule wa kwanza.

Tena twaona kwamba hali ya sasa ni mbaya kuliko maneno ya wazee wote wawili. Nchi ambayo yasema "atanyongwa", kisha haimnyongi, wala haisemi kwamba hatamnyonga, haimpi aliyefiwa haki aliyoahidiwa, wala haimpi mfungwa rehema. Mama aliyefiwa aliambiwa mahakamani neno ambalo halikutimizwa, na miaka yapita. Mfungwa huamka kila asubuhi akisikiliza nyayo mlangoni, na miaka yapita. Watoto nao hujifunza kwamba sheria ni neno la kutisha tu, kama mama amwambiaye mwanawe atamtia chunguni, na mtoto ajua kwamba hatatiwa. Mikono ya nchi hii imekataa kuivuta kamba kwa zaidi ya miaka 30. Basi sheria na isogee hadi mahali mikono ilipo. Kwanza jaji apewe nafasi ya kupima, ili aliyeua kwa kupanga bei ya mtoto asiwekwe fungu moja na mke aliyempiga mumewe mpini baada ya miaka ya mateso. Kisha kamba iondolewe, na mtu wa hatari afungwe maisha yake yote, afanye kazi gerezani. Nasi tungependa kuona matunda ya kazi ile yakiwafikia yatima wa yule aliyeuawa.

Twajua jibu la mzee wa kwanza: "Kifungo hufunguliwa, na mwuaji aweza kurudi kijijini." Ni kweli, na jambo hilo lataka uangalifu mkubwa. Lakini kosa la kumfungua mtu mapema laweza kurekebishwa kwa kumfunga tena. Kosa la kumnyonga asiyeua halirekebishiki, hata na Rais, hata na Bunge.

Baba na mama wa nyumba za Kikristo, hatukuandika haya ili tuwangoje wabunge. Yako mambo matatu ambayo yamo mikononi mwetu leo. La kwanza ni ushahidi. Torati ilidai mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuuawa, na mashahidi hao ndio waliotupa jiwe la kwanza, ili wasiseme uongo kwa urahisi. Ukiitwa mahakamani, sema ulichokiona, wala usiongeze ulichokisikia kisimani. Mpagi wa Uganda hakupelekwa kwenye kitanzi na jaji. Alipelekwa na majirani. La pili ni hukumu za njiani. Watu wanaopiga kelele za mwizi na kuchukua mawe, na watu wanaonong'ona kwamba bibi kizee fulani ni mchawi, wanatoa hukumu ya kifo pasipo kesi, pasipo rufani, pasipo Rais kutia sahihi. Mkristo asiokote jiwe hilo, wala asisimame akilinda mavazi ya waliookota. La tatu ni nyumba mbili. Mauaji yakitokea, twajua kwenda kwenye matanga ya aliyeuawa, nasi hukaa siku chache kisha twaondoka. Turudi tena baada ya mwezi, na baada ya mwaka, tukachukue jembe tumlimie mjane. Na nyumba ya aliyeua nayo, ambayo watoto wake huchekwa shuleni, ipate mtu mmoja wa kubisha hodi.

Mwalimu wa Mpapura, mwambie mtoto yule kwamba wazee wote wawili walilia kwa ajili ya uhai, kila mmoja kwa upande wake, na kwamba sisi twasimama na yule wa pili. Kisha mwulize yeye aonavyo, nawe umsikilize. Tena, kama yawezekana, uwaombe wazee wale wakae tena chini ya mkorosho ule ule, wazungumze tena, na mara hii waagane.

Maswali ya kuzungumza nyumbani kabla ya kulala:

1. Kama aliyeuawa angekuwa wa nyumba yetu, tungetaka nini? Na kama aliyeua angekuwa wa nyumba yetu, je?

2. Je, umewahi kuamini habari mbaya ya mtu, kisha ikaonekana si kweli? Ilikuchukua siku ngapi kujua?

3. Katika kijiji chetu iko nyumba gani iliyofiwa kwa mauaji, na ni nani wetu aliyekwenda huko mwaka huu?